Bakteria wa ziwa: mbona maji ya pande zote yanafanana, ila tope lina wakazi wengine kabisa?

Swali la msomaji: Nasoma shahada ya uzamili. Nilichota lita moja ya maji kwenye kila gati kati ya gati nne za ziwa moja, gati moja kwa kila upande, kisha nikachota tope kwa ndoo kwenye gati mojawapo. Majibu ya jeni ya 16S, inayotumika kutambua aina za bakteria, yanaonyesha kuwa maji ya pande zote nne yanakaribia kufanana, lakini tope lina aina za bakteria zaidi ya mara tatu, na nyingi hazimo kabisa kwenye maji. Je, tope ndilo linalolisha maji bakteria? Na nikiirudia kazi hii nikiwa na nafasi ya sampuli 48 tu maabara, nizigaweje?

Jibu: Majibu yako hayajaharibika. Yanaonyesha kile ambacho maziwa mengi huonyesha: kwa bakteria, kushuka mita mbili kunaweza kuleta tofauti kubwa kuliko kwenda kilomita kumi pembeni. Kinachowatenganisha ni oksijeni, mwanga, chakula, na kama kuna kitu cha kushikamana nacho. Maji ya juu huvurugwa na upepo usiku na mchana, kwa hiyo kwa bakteria wanaoelea, gati zako nne ni mahali pamoja palipopimwa mara nne. Tope ni makazi mengine. Ndani yake kuna makazi mengi yaliyopangana kwa milimita, na ndoo yako iliyakoroga yote pamoja.

Kuhusu swali la kwanza: hapana, kwa ushahidi ulionao huwezi kusema tope linalisha maji. Aina kupatikana kote kuwili hakusemi ilitoka wapi kwenda wapi. Mara nyingi safari ni ya kushuka: mwani hufa, chembe huzama zikiwa na bakteria waliong'ang'ania juu yake, na DNA ya seli zilizokufa inaweza kudumu muda mrefu ikiwa imeshikwa na udongo mfinyanzi. Sehemu ya wingi wa aina uliouona kwenye tope ni ghala la marehemu na waliolala. Ukitaka kujua nani yuko hai na anafanya kazi, soma RNA, ambayo seli huitengeneza inapofanya kazi, sambamba na DNA. Kuna dawa iitwayo PMA inayozuia DNA ya seli zilizokufa isinakiliwe, lakini huhitaji mwanga ili ifanye kazi. Kwenye maji hufaa. Kwenye tope mwanga haupenyi, kwa hiyo usiitegemee huko.

Sasa kuna hesabu moja ambayo ingefaa ukae nayo kabla ya kurudi ziwani. Mililita moja ya maji ya ziwa huwa na bakteria wapatao milioni moja. Mililita moja ya tope la juu huwa na bilioni moja, pengine zaidi. Maana yake, mililita moja tu ya tope ikitifuka na kuingia kwenye chupa yako ya lita moja, nusu ya bakteria unaowaita wa maji wametoka chini. Ukichota kwenye gati, penye kina kifupi na mawimbi, hatari hiyo ipo kila mara. Chupa ya kuchotea ikigusa chini, mwaga, suuza, na anza upya umbali wa mita kadhaa. Kwenye maji ya kina, isimamishe angalau mita moja juu ya tope.

Tukianza na maji ya wazi: tabaka la juu lenye mwanga na oksijeni hutawaliwa na bakteria wadogo wanaoelea mmojammoja. Mashuhuri zaidi ni kundi la acI, walio katika faila (ngazi kuu ya uainishaji) ya Actinomycetota (machapisho ya kabla ya 2021 huiandika Actinobacteria, kwa hiyo angalia hifadhidata yako inatumia jina gani). Katika maziwa mengi hufikia hata nusu ya bakteria wote wa tabaka hilo. Jenomu yao ni ndogo, kama jozi za besi milioni 1.2 hadi 1.5, na seli ni ndogo kiasi kwamba viprotozoa vinavyochuja maji huwakosa mara nyingi. Pamoja nao kuna LD12, tawi la maji yasiyo na chumvi la ukoo wa SAR11 unaojaa baharini. Hawa huishi kwa kufyonza chakula kidogo kilichoyeyuka. Limnohabitans ni kinyume chao: hukua haraka mwani ukitoa vyakula vyake, na huliwa haraka vilevile. Polynucleobacter utamkuta zaidi kwenye maji ya rangi ya chai, yenye asidi nyingi za mboji.

Hii ndiyo sababu aina za kwenye maji zilionekana chache. Mazingira ni ya namna moja, vikundi vichache vinayamudu vizuri sana, na vikishachukua sehemu kubwa ya nakala zilizosomwa, wale adimu hawabakiwi na nafasi ya kuonekana.

Ndani ya maji hayohayo kuna jamii ya pili inayoishi juu ya chembe: vipande vya mwani, kinyesi cha zuplanktoni (wanyama wadogo wanaoelea majini), mabaki ya majani. Hapo hupatikana zaidi jamaa wa Flavobacterium, Planctomycetota na Verrucomicrobiota, wengi wao wakiwa na vimeng'enya vya kuvunja sukari ndefu na protini. Ukichuja maji kwa chujio moja tu, jamii hizi mbili huchanganyika na utadhani ni moja. Chuja kwanza kwa tundu la mikromita 3, kisha maji yaliyopita uyachuje kwa mikromita 0.22. Kinachobaki kwenye la kwanza ni wa chembe, kinachobaki kwenye la pili ni wanaoelea.

Hapo kwenye kuchuja ndipo watu wengi hupotoka bila kujua. Chujio la mikromita 3 likianza kuziba, tundu lake halisi hupungua na huanza kushika hata bakteria wanaoelea. Ziwa safi litakuruhusu kupitisha lita moja. Ziwa la kijani huenda likakuruhusu mililita 100 hadi 250 tu. Kwa hiyo chagua ujazo mmoja ambao hata kituo kichafu kuliko vyote kitaumudu, utumie huohuo kote, na ubadilishe chujio mara tu mwendo wa maji unapopungua nusu. Usivute kwa nguvu: kilopaskali 20 hivi zinatosha, zaidi ya hapo seli laini hupasuka na DNA yake hupita. Na usigandishe maji kwa nia ya kuyachuja baadaye. Kuganda hupasua seli, na unachokiita sampuli kinapita kwenye tundu na kwenda kumwagwa. Weka chupa za maji juu ya barafu bila kuziacha zigande, gizani, na uyachuje ndani ya saa sita. Chujio ndilo la kugandisha, kwenye nyuzi −80. Usipokuwa na friza ya namna hiyo karibu, tumbukiza chujio kwenye kimiminika cha kuhifadhi DNA palepale ufukoni. Fahamu pia kuwa vikundi vidogo mno kama Patescibacteria hupenya hata tundu la 0.22, hivyo usiandike kwamba havipo kwa sababu tu hukuviona.

Wengine huchuja kwanza kwa wavu wa mikromita 100 au 200 kuondoa zuplanktoni. Ni jambo zuri, isipokuwa pale ziwa lina Microcystis, aina ya sianobakteria (bakteria wanaotumia mwanga kama mimea). Makundi yake yaliyofungwa kwenye ute huweza kuwa makubwa kuliko matundu hayo, kwa hiyo unatupa sianobakteria wenyewe pamoja na bakteria wengine wanaoishi ndani ya ute ule, kisha unaripoti ziwa la kijani lisilo na kitu cha kijani. Microcystis pia huelea kwa vifuko vya gesi. Siku tulivu asubuhi wanaweza kujazana juu kabisa, na upepo wa mchana ukawasambaza. Chota saa ileile kila kituo, na andika hali ya upepo.

Ukishuka chini zaidi, usipange makazi kwa mita. Panga kwa oksijeni. Baikal lina kina cha mita zaidi ya 1,600 na oksijeni hufika hadi chini kabisa. Tanganyika lina mita zipatazo 1,470, lakini chini ya mita 100 hadi 200, kutegemea sehemu, oksijeni haipo kabisa. Mita 300 za maziwa hayo mawili hazina uhusiano wowote kibakteria. Kwenye maji ya kina yenye oksijeni, katika maziwa kadhaa makubwa, hutokea CL500-11 wa Chloroflexota, waliopata jina kutokana na kina cha mita 500 cha Crater Lake huko Marekani. Pasipo oksijeni huja wanaopumua nitrati, chuma na salfati, na arkea (viumbe vya seli moja wasio bakteria) wanaotengeneza methani.

Palipo na utajiri zaidi ni mpaka wenyewe, pale oksijeni inapoishia. Methani na salfidi hupanda kutoka chini, oksijeni hushuka kutoka juu, na wanaokula kwa kuunganisha vitu hivyo hujipanga hapo kama utepe mwembamba. Walaji wa methani, mfano Methylobacter, hukaa hapo. Mwanga ukifika hadi kwenye salfidi, hupatikana bakteria wa salfa wenye rangi ya zambarau au kijani. Ziwa Cadagno la Uswisi ni mfano unaojulikana sana: kwenye kina cha mita 12 hivi kuna tabaka la Chromatium okenii zito kiasi cha kuyapa maji rangi ya waridi. Tabaka la namna hii huweza kuwa nyembamba kuliko urefu wa chupa yako ya kuchotea. Chupa ya sentimita 50 iliyozama kwenye utepe wa sentimita 20 itakupa mchanganyiko wa juu, kati na chini, nawe utaandika kuwa bakteria wa oksijeni na wasioitaka wanaishi pamoja. Kwa mpaka tumia mpira na pampu, mdomo wa mpira ukiwa umelala kwa usawa wa maji, uvute polepole.

Kwa sababu hiyo kifaa cha kwanza kushuka majini kiwe kipimajoto na kipima oksijeni. Pima kila mita moja, na ukiona oksijeni inaanguka ghafla, pima kila sentimita 20 hapo katikati. Vina vya kuchota uvichague baada ya kuona mchoro huo, hata kama vilishaandikwa kwenye pendekezo la utafiti.

Tope lina ngazi kama hiyo, ila imebanwa. Kwenye ziwa lenye rutuba oksijeni hupenya milimita chache tu. Chini yake hufuata nitrati, manganizi, chuma, salfati, na mwisho methani. Maji yasiyo na chumvi huwa na salfati kidogo kuliko bahari, hivyo huisha mapema na methani huchukua nafasi kubwa. Kwa ndoo huwezi kuona lolote kati ya hayo. Hata kifaa cha taya cha Ekman, ambacho ni kizuri kwa kukusanya wadudu na konokono, mara nyingi husukuma pembeni utando laini wa juu kinapotua, na huo ndio uliokuwa unautafuta. Tumia bomba la kuchomeka linaloshuka kwa uzito wake. Bomba zuri hupanda na maji safi juu ya tope, kama sentimita 10, na mstari wa tope ukiwa umenyooka. Maji yakiwa yametibuka, mwaga na urudie. Usijifariji kwamba yatatulia.

Libebe bomba likiwa wima. Fyonza maji ya juu taratibu kwa mpira mwembamba, sukuma tope kutoka chini kwa pistoni, na ukate vipande: sentimita 0 hadi 1, 1 hadi 2, na kimoja cha ndani zaidi kama 4 hadi 5. Kila kipande kivue ukingo wa milimita 2 au 3, kwa sababu ukuta wa bomba huburuta tope la juu na kulipaka chini. Changanya kinachobaki na uchukue gramu 0.25 hadi 0.5 kwa ajili ya DNA. Elewa tu kuwa hata kipande cha sentimita moja kimeunganisha wenye oksijeni na wasio nayo. Kama swali lako ni kuhusu mpaka huo wa milimita, bomba hili halitoshi.

Maabara, tope hukupa tatizo la asidi za mboji, ambazo hukwamisha PCR (njia ya kunakili DNA). Dalili yake ni DNA nyingi kwenye kipimo lakini hakuna kinachonakiliwa. Izimue mara 10 kisha ujaribu tena. Ikifanya kazi, tatizo lilikuwa asidi, na unahitaji kusafisha DNA zaidi. Usiongeze mizunguko ya PCR kutoka 25 hadi 40 ili kulazimisha: utapata uchafu wa vitendanishi umevaa nguo za bakteria wa ziwani.

Utando wa kwenye mawe ni makazi ya tatu ambayo hukuyagusa, na ni rahisi kuyapata. Chagua mawe ya kina kimoja, sentimita 30 hadi 50, uso wa juu tu. Yasuuze taratibu kuondoa vilivyotua bila kushika. Weka fremu ya plastiki ya sentimita 5 kwa 5, sugua ndani yake kwa mswaki mpya, na kusanya kwa maji safi yaliyotakaswa hadi mililita 50. Eneo liandikwe, la sivyo hutaweza kulinganisha wingi. Tatizo la mawe ni umri: jiwe lililopinduliwa na wimbi wiki iliyopita lina utando mchanga, la jirani yake lina wa miezi. Vigae vilivyofungwa na kuachwa majini wiki tatu hadi nne huondoa shida hiyo, ingawa hukupa jamii changa tu. Mimea ya majini nayo ina wakazi wake, hasa mizizi ya matete inayovujisha oksijeni ndani ya tope lisilo nayo, lakini kwa sampuli 48 ningeiacha.

Mgawanyo basi. Chukua vituo vitatu kwenye maji ya kina, vilivyo mbalimbali. Katika kila kituo chota juu na chini ya mpaka wa oksijeni, kila kina kwa machujio mawili, halafu kipande cha tope cha sentimita 0 hadi 1. Hizo ni sampuli tano. Ukizirudia mara mbili kwa kushusha kifaa upya, zinakuwa 10 kwa kituo, 30 kwa jumla. Ufukoni chukua sehemu tatu, mawe matatu kila sehemu: 9. Mbili zichukue kwenye mto unaoingia. Saba zilizobaki ni za ulinzi: tatu za maji yaliyotakaswa yaliyopitishwa kwenye vifaa vyako vyote vya kuchuja, mbili za uchimbaji wa DNA bila sampuli, moja ya PCR tupu, na moja ya mchanganyiko wa bakteria wanaojulikana. Utashawishika kuzipunguza hizi saba. Punguza mawe kwanza.

Kumbuka kuwa vituo ndivyo vinavyohesabika kama marudio ya ziwa. Chupa mbili za kituo kimoja hukuonyesha usahihi wa mkono wako tu, na ukiziweka kwenye hesabu kama vituo sita, unajipa uhakika ambao huna.

Mbili za mto si za kupuuzwa. Maji yakikaa ziwani siku chache tu kabla ya kutoka, bakteria wa mto na wa udongo huingia haraka kuliko ziwa linavyoweza kuwachuja, na utakachopima ni mto uliopanuka. Yakikaa miezi au miaka, ziwa hujichagulia wakazi wake. Bila sampuli za mto huwezi kujua uko upande upi.

Kwa vianzishi vya PCR (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili) tumia 515F na 806R vilivyorekebishwa. Toleo la awali la 806R liliwapunguza SAR11, na marekebisho yake yalichapishwa 2015. Baada ya kusoma, ondoa mifuatano ya kloroplasti na mitokondria. Kloroplasti hujificha chini ya sianobakteria, na kwenye utando wa mawe uliojaa diatomu inaweza kula sehemu kubwa ya nakala zako. Linganisha makazi kwa Bray-Curtis (kipimo cha tofauti kati ya jamii) na PERMANOVA (jaribio la takwimu la kulinganisha makundi), ila pima pia mtawanyiko ndani ya kila kundi. Tope hutofautiana sehemu kwa sehemu kuliko maji, na PERMANOVA inaweza kukupa jibu la tofauti wakati kilichotofautiana ni mtawanyiko.

Halafu usilinganishe asilimia kana kwamba ni idadi. Asilimia 10 ya bilioni moja na asilimia 10 ya milioni moja hazikutani. Hesabu seli kwa rangi ya DAPI chini ya hadubini, au pima nakala za 16S kwa qPCR, kisha zidisha. Hata hapo, wanaokua haraka hubeba nakala nyingi za jeni hiyo: Escherichia coli ana saba, wakati wadogo kama acI kwa kawaida wana moja au mbili. Kwa hiyo sehemu ya hao wanaokua haraka huvimba kwenye matokeo. Na mtu akikuuliza kama maji yako ni salama kunywa, mpeleke kwenye vipimo vya kawaida vya E. coli, orodha ya 16S haijibu swali hilo.

Sampuli zako za zamani usizitupe. Zile nne za maji zinakuonyesha jinsi tabaka la juu linavyofanana, jambo linalokuruhusu kuchukua vituo vitatu tu safari hii bila kuogopa. Ile ya ndoo itenge na uchambuzi mpya wa tope, uitaje kwenye maelezo ya mbinu kama tope lililokorogwa, na usiiunganishe na vipande vya bomba hata kama kwenye mchoro inaonekana kukaa nao vizuri.